Karafuu, Jino na Miguu Inayowaka Moto

Mtu wa Unguja akiamshwa na jino usiku wa manane, hutafuta karafuu kabla ya kutafuta daktari. Huitafuna kidogo, huibana penye maumivu, na ganzi huingia taratibu. Maarifa hayo ni makongwe kuliko mikarafuu ya visiwa hivi.

Asili ya mti ni Maluku, Indonesia ya leo. Huko China, enzi ya Han, watumishi wa ikulu walitakiwa kuweka karafuu mdomoni wanapozungumza na mfalme. Karne ya 17 Waholanzi waliishika biashara hiyo kwa mkono wa chuma, wakakata mikarafuu iliyokuwa nje ya ulinzi wao ili bei isiporomoke. Mfaransa Pierre Poivre ndiye aliyepanga wizi wa miche. Ikapandwa Mauritius mwaka 1770, ikaenea Réunion, na mwanzoni mwa karne ya 19 ikavuka hadi Unguja. Anayetajwa kuileta ni Saleh bin Haramil, Mwarabu wa Oman.

Sultani Sayyid Said alipoona faida, aliamuru kila penye mnazi mmoja ipandwe mikarafuu mitatu. Mashamba yakapanda vilima vya Kizimbani na Kidichi. Hapo Kidichi, mwaka 1850, alimjengea mkewe wa Kiajemi, Shahrazad, hamamu yenye nakshi za chokaa za maua na ndege. Wageni wa leo huoneshwa hamamu hiyo, kisha hupitishwa kwenye mashamba ya viungo na kuambiwa kila jani linatibu nini. Huambiwa kidogo mno juu ya watumwa waliopanda, wakapalilia na kuchuma, mpaka utumwa ulipofutwa kisheria mwaka 1897. Wakati huo kimbunga cha 1872 kilikuwa kimekwisha kuilaza mikarafuu mingi ya Unguja, na Pemba ikawa ndiyo mama wa zao.

Karne hiyohiyo wakemia na madaktari wa meno walianza kuitumia yujenoli, kiini cha mafuta ya karafuu. Ikichanganywa na oksidi ya zinki hugeuka saruji laini ya kuzibia jino kwa muda. Harufu inayokupokea kliniki ya meno mara nyingi ni hiyo. Hata makonyo, vile vikonyo vinavyobaki baada ya kuchambua, hukamuliwa mafuta yake kiwandani Pemba.

Yujenoli huziba njia ambazo sodiamu hupitia kuingia kwenye neva, na neva isiyopata sodiamu haipeleki habari ya maumivu. Hugusa pia kipokezi kiitwacho TRPV1, kilekile kinachowashwa na pilipili. David Julius alikitambua mwaka 1997, na mwaka 2021 akapata nusu ya Tuzo ya Nobel ya tiba. Leo kuna plasta yenye asilimia 8 ya kapsaisini, ukali wa pilipili, inayobandikwa kwa maumivu ya neva yanayobaki baada ya mkanda wa jeshi. Hiyo ni dawa iliyopimwa kwa watu.

Sifa ya pili ya karafuu ndiyo inayonitia shaka. Yujenoli ni antioksidanti: huzituliza chembe haribifu zinazotokana na oksijeni. Sukari ikikaa juu damuni miaka mingi, chembe hizo huzidi na kuchangia kuharibu neva za miguu. Mgonjwa husema anachomwa sindano, au nyayo zinawaka moto. Basi watu wakahitimisha kwamba karafuu, manjano na mfano wake vitazima moto huo. Kwa panya wenye kisukari majibu yamekuwa mazuri. Kwa binadamu ushahidi ni mwembamba. Wizara ya Kilimo ya Marekani ilikuwa na jedwali la nguvu za antioksidanti, karafuu ikiwa karibu na kilele. Mwaka 2012 ikaliondoa, kwa kuwa namba za maabara hazikuonesha kinachotokea mwilini.

Sababu moja ya tofauti hiyo iko wazi. Jinoni yujenoli hukutana na neva uso kwa uso. Ikinywewa kwenye chai, ini huibadili upesi, na ndani ya saa 24 karibu yote imetoka kwa mkojo. Kuongeza dozi ya mafuta yenyewe si jibu: mtoto mdogo akiyanywa, hata kidogo, ini lake linaweza kufeli. Mwenye kisukari anayewaka nyayo atahangaikia sukari yake kwanza, na chai ya karafuu ataendelea kuinywa kwa utamu wake.