Peugeot 404 na Peugeot 504

Peugeot 404 na Peugeot 504 ni magari mawili ya kifamilia yaliyobuniwa Ufaransa, yanayoendeshwa kwa magurudumu ya nyuma. 404 ilitoka mwaka 1960. 504 ilifuata mwaka 1968, na mwaka 1969 ikapewa tuzo ya Gari la Mwaka barani Ulaya. Maumbo ya yote mawili yalichorwa na Pininfarina wa Italia, na yote yalijijengea heshima kubwa barani Afrika. Kwa mwendo na utulivu barabarani 504 inaongoza waziwazi. Kwa kubeba mzigo, ubora wake unategemea ekseli iliyofungwa nyuma.

Injini na mwendo

Injini ya 404 ina sentimita za ujazo 1618 na imelazwa kwa pembe ya digrii 45 ili boneti iwe ya chini. Ilianza na nguvu za farasi 72 na kufikia kasi ya takriban kilomita 140 kwa saa. 504 ilianza na sentimita za ujazo 1796, kisha sentimita za ujazo 1971 kuanzia mwaka 1970, ikapita kilomita 150 kwa saa bila taabu. Magari yote mawili yalipatikana pia kwa dizeli, yenye mwendo wa pole lakini yenye kubana matumizi ya mafuta.

Bloku ya injini zao za petroli ni ya chuma na slivu zake huchomoka. Injini ikichakaa, fundi hubadilisha slivu na pistoni bila kupeleka bloku kuchongwa, faida kubwa sana mahali ambapo karakana ya mashine iko mbali.

Springi, ekseli na breki

Hapa ndipo tofauti kuu ilipo. 404 ya saluni ina ekseli moja nzima na springi za koili. Ni imara na ni rahisi kutengeneza, lakini tairi moja ikiingia shimoni, mtikisiko huhamia kwa mwenzake na gari huyumba. Katika 504 nyingi za saluni kila gurudumu la nyuma lina mkono wake na hupanda na kushuka peke yake, hivyo tairi hushika ardhi vizuri zaidi kwenye barabara ya vumbi. 504 pia ilikuja na breki za diski kwenye magurudumu yote manne, ilhali 404 za mwanzo zilitumia breki za ngoma.

Mpangilio huo wa 504 una gharama yake. Ikibebeshwa sana, nyuma hudidimia, magurudumu hulala kwa ndani na tairi huliwa upande mmoja. Ndiyo maana Peugeot walipounda 504 ya stesheni wageni waliirudishia ekseli nzima, yenye springi mbili kila upande, na pikapu nayo ikapewa ekseli nzima. Nchini Kenya, ambako 504 iliunganishwa, stesheni wageni hiyo yenye safu tatu za viti ilikuwa teksi maarufu ya safari ndefu, ikiitwa Pijo.

Mbio za Safari

404 ilishinda Safari Rally ya Afrika Mashariki miaka ya 1963, 1966, 1967 na 1968. Mwaka 1963 na 1968 ni magari saba tu yaliyofika mwisho, na mara zote mbili mshindi alikuwa Nick Nowicki ndani ya 404. 504 ilishinda mwaka 1975 ikiendeshwa na Ove Andersson, na mwaka 1978 kupitia Jean-Pierre Nicolas, safari hiyo ikiwa toleo la kupe (coupé) lenye injini ya silinda sita.

Tathmini

Kwa familia inayosafiri mbali kwenye njia mbaya, 504 ya saluni ndiyo bora: ina kasi zaidi, husimama haraka na haichoshi abiria. Anayetaka gari sahili la kujitengenezea atahudumiwa vyema na 404. Mbebaji wa abiria na mizigo anastahili 504 ya stesheni wageni, kwa kuwa inaunganisha injini yenye nguvu zaidi na ule uthabiti wa ekseli nzima uliokuwa msingi wa 404.