Mwanga mwekundu na afya: unasaidia nini, na wapi hausaidii

Wakaaji wa Kindu na Kailo wenye simu wameisha kuona picha hizo: mtu amefunika uso na kinyago chenye kuwaka taa nyekundu, ao amelala mbele ya kibao kinachong'aa sawa makala ya moto. Maneno yanayofuata ni mengi. Mwanga unaondoa mikunjo, unaotesha nywele, unatuliza magoti. Wengine wanaongeza ugonjwa wa sukari, malaria na nguvu za kiume. Kuna kweli ndani yake, lakini ni ndogo kuliko wanavyoitangaza, na hatari kubwa inakuja pale mgonjwa anachelewa kufika kwa munganga juu ya kungojea taa.

Mwanga unaozungumziwa si kila taa yenye rangi nyekundu. Wataalamu wanaupima kwa nanometa, yaani sehemu moja ya milioni ya milimeta. Mwekundu unaotumika sana ni wa nanometa 630 mpaka 660, na pembeni yake kuna ule wa 810 mpaka 850 ambao jicho halioni vizuri. Unaingia ndani ya ngozi kidogo tu. Maelezo yanayokubaliwa na wengi ni kwamba ndani ya seli, mitokondria, zile zinazotengeneza nguvu ya mwili, zinapokea mwanga huo na kufanya kazi zaidi kwa muda fulani. Ampule ya kawaida iliyopakwa rangi haifanyi hivyo. Na ile taa nyekundu ya kutia joto vifaranga inatoa joto tu; ukiikaribia sana, inakuunguza.

Habari hii ilianza karibu kwa bahati. Mwaka 1967, mjini Budapest inchini Hungaria, munganga Endre Mester alinyoa panya, akawamulika kwa laseri nyekundu dhaifu ili aone kama italeta kansa. Kansa haikutokea. Kumbe manyoya ndiyo yaliyorudi haraka kuliko kwa panya wasiomulikwa.

Lakini rangi nyekundu ilikuwa imeingia mu vyumba vya wagonjwa mbele ya pale. Mwaka 1893, Niels Finsen wa Denmark alishauri wagonjwa wa ndui walale kwenye chumba chenye mapazia mekundu, ili mionzi mingine ya jua isiharibu vidonda vyao. Mtu huyu hakuwa mdanganyifu: alipata Tuzo ya Nobel mwaka 1903, ila kwa kazi nyingine, ya kutibu kifua kikuu cha ngozi kwa mionzi mikali. Vyumba vyekundu vilisahaulika. Ndui ilitangazwa kuwa imeisha duniani mwaka 1980, na iliyoimaliza ni chanjo.

Kwetu Maniema jambo hilo si hadithi ya mbali, sababu Mpox, ndugu yake ndui, bado iko hapa. Huko Tunda, teritware ya Kibombo, na Kole mu Sankuru, watafiti wa INRB pamoja na Wamarekani walipima dawa ya tecovirimat kwa wagonjwa 597. Matokeo yalitoka Agosti 2024: dawa haikufanya vidonda vipone haraka kuliko kwa wale waliopewa kidonge kitupu. Hata hivyo waliokufa walikuwa 1.7 kwa mia tu, kwa makundi yote mawili, wakati kwa kawaida inchini ni 3.6 kwa mia ao zaidi. Wote walilazwa na kutunzwa vizuri: ndiyo sababu watafiti waliyoitoa. Kama dawa yenyewe inaomba kupimwa namna hiyo, taa ya mtandaoni nayo ipimwe.

Na imepimwa kwa mambo fulani. Penye ushahidi wa nguvu ni vidonda vya kinywa vinavyoletwa na matibabu ya kansa: waganga wa kansa wanashauri mwanga huu ili kuvizuia. Kwa nywele zinazopungua kichwani na kwa mikunjo ya uso kuna faida, si kubwa, na inaomba kurudia kwa miezi. Kwa maumivu ya viungo, wengine wanapata nafuu ya muda. Malaria haitibiwi na taa ya rangi yoyote.

Sasa jambo ambalo akina mama wanapaswa kulijua kuliko yote. Kuna mwanga unaookoa maisha kabisa, lakini ni wa buluu. Mtoto mchanga anapogeuka manjano, damu yake imejaa bilirubini. Ikizidi inaingia ubongoni na inaweza kumuacha kiziwi ao kilema, hata kumuua. Miaka ya 1950, Jean Ward, muuguzi wa lopitali ya Rochford huko Uingereza, aliona kwamba umanjano ulipungua pale jua lilipogusa ngozi ya mtoto. Mwaka 1958 waganga wa pale walitangaza taa ya kwanza. Mwanga wa buluu unabadilisha bilirubini ili itoke kwa mkojo na choo. Mwekundu hauwezi kazi hiyo. Kuanika mtoto kwenye jua la asubuhi mlangoni pia hakutoshi. Nigeria walipotumia jua, kwa utafiti uliotolewa mwaka 2015, ilikuwa chini ya hema maalum la kuzuia mionzi mibaya, na wauguzi pembeni.

Kwa hiyo mama, mtoto akiwa manjano siku ya kwanza, ao umanjano ukifika viganja na nyayo, ao akikataa kunyonya, usingoje kuche. Kutoka Kailo njia ni ndefu, na kufika Kasuku ao Mikelenge kunaomba kuvuka Lualaba. Njo maana saa za mwanzo zina bei.

Tena kuna doa la ngozi lisilosikia sindano wala joto. Hilo linaweza kuwa ukoma, ambao unapona kwa vidonge vya bure vya miezi 6 ao 12. Ukilimulika nyumbani, unapoteza muda, na unaweza kuungua bila kujua. Vilevile mwenye ugonjwa wa sukari aliye na miguu yenye ganzi.

Anayetaka kujaribu kwa urembo, na ana pesa na umeme wa kupoteza, aangalie nanometa zimeandikwa kwenye kifaa, afunike macho, aanze na dakika chache. Vipimo vya usalama vilivyofanywa Marekani vilionyesha kwamba ngozi nyeusi inafika mwisho wa uvumilivu wake kwa kiasi kidogo kuliko nyeupe, na ikipita hapo inatoa malengelenge. Maelezo mengi ya ndani ya katoni hayasemi hilo.