Kiti Kisicho na Mwenyewe

Neno “mwenyekiti” limeundwa kwa “mwenye” na “kiti”, na wingi wake ni “wenyeviti”. Hata hivyo, neno hilo linaweza kukupotosha, msomaji wangu, kwa kuwa katika asasi ya hisani kiti hakina mwenyewe. Mali yake ni amana. Wadhamini huitunza kwa niaba ya wanaosaidiwa, na mwenyekiti ni mmoja wao tu, aliyekabidhiwa kazi ya kuitisha vikao, kuongoza ajenda na kuhakikisha kwamba kila mjumbe amesikilizwa.

Tazama jirani zetu wa Tanzania. Mwaka 1996 Mwalimu Julius Nyerere aliasisi taasisi iliyobeba jina lake, kwa ajili ya amani, umoja na maendeleo ya watu. Wakati huo alikuwa pia msuluhishi wa mgogoro wa Burundi, na watu wa taasisi hiyo walimsaidia katika mazungumzo yaliyofunguliwa Arusha mwezi Juni 1998. Tarehe 14 Oktoba 1999 alifariki dunia mjini London. Hebu fikiri: mkataba haujatiwa saini, vita vinaendelea ng’ambo ya mpaka wetu wa kusini, na mwenye jina hayupo tena. Asasi nyingi huzikwa pamoja na mwasisi, kwa sababu yeye ndiye aliyekuwa mwenyekiti, mweka hazina na mtunza muhuri.

Hii haikuzikwa. Jaji Mark Bomani na wenzake waliendelea na kazi chini ya msuluhishi mpya, Nelson Mandela, na mkataba ukatiwa saini Arusha tarehe 28 Agosti 2000. Baadaye bodi ya wadhamini iliongozwa na Dkt. Salim Ahmed Salim, aliyewahi kuwa Katibu Mkuu wa Umoja wa Nchi Huru za Afrika, naye Joseph Butiku akawa mkurugenzi mtendaji. Mgawanyo huo una maana kubwa. Mkurugenzi huendesha ofisi kila siku; mwenyekiti huongoza bodi inayomhoji mkurugenzi. Mwenyekiti anayeshinda ofisini akiandika hundi amekwisha kuwa mkurugenzi, na sijui ni nani atakayemhoji.

Kwetu Rwanda, sheria ya mwaka 2012 kuhusu asasi za kitaifa zisizo za kiserikali ilitaka pawepo chombo cha ukaguzi na chombo cha kusuluhisha migogoro, kando ya uongozi wenyewe. Basi ukialikwa kwenye mkutano mkuu wa asasi yoyote hapa Busasamana, sikiliza ni nani anayesoma ripoti ya fedha, na ni nani anayeruhusiwa kuiuliza maswali.