Kutoka Kusuka Vikapu Hadi Kuvuka Barabara za Sydney

Mwaka 1879 ilianzishwa Sydney taasisi ya watu wazima wasioona. Jina lake, Sydney Industrial Blind Institution, lilitangaza shabaha yake waziwazi: hapa ni mahali pa kazi za mikono. Walioingia walisuka vikapu na mikeka, wakatengeneza brashi, na bidhaa zao zikauzwa. Watoto walikuwa wamepata nafasi mapema kidogo, kwa sababu shule ya viziwi iliyofunguliwa mwaka 1860 na Thomas Pattison, Mskoti ambaye mwenyewe alikuwa kiziwi, ilianza kupokea wanafunzi wasioona mwaka 1869.

Kazi ya vikapu tusiidharau. Kwa mtu ambaye angeishia kulishwa na ndugu au kuomba barabarani, ujira wa jasho lake ulikuwa heshima. Lakini heshima hiyo ilikomea mlangoni mwa karakana. Fundi aliweza kumaliza brashi isiyo na kasoro, kisha akashikwa mkono hadi nyumbani, akamiminiwa chai na kuchaguliwa shati la kesho.

Mwamko ulitoka katika Vita vya Kwanza vya Dunia. Mwaka 1915 vijana wa Australia na New Zealand walipigana Gallipoli, Uturuki, na baadhi yao walipoteza macho huko. Mwaka huohuo, mjini London, Arthur Pearson, mmiliki wa magazeti aliyepofushwa na glaukoma, alianzisha kituo cha St Dunstan's. Hapo askari waliopofuka walifundishwa nukta nundu na kupiga taipu, na pia kurudia shughuli zao za kila siku wenyewe. Mmoja wao alikuwa Clutha Mackenzie wa New Zealand, aliyepigwa na kombora kule Chunuk Bair, Gallipoli. Sisi wa Afrika Mashariki tunapaswa kulijua jina hili. Katika miaka ya 1950 Mackenzie alikuja Uganda, akashiriki kuunda shirika la kuwahudumia wasioona na kituo cha Salama, ambako wakulima waliopoteza macho walijifunza upya kulima na kujitafutia njia kijijini. Kwa maoni yangu, Salama iliuliza swali ambalo karakana nyingi za mijini hazikuwa zimeliuliza: mtu huyu ataishi wapi, na huko anahitaji kufanya nini kwa mikono yake mwenyewe?

Vita vya Pili vya Dunia vilileta fimbo. Richard Hoover, akiwahudumia askari katika hospitali ya Valley Forge, Pennsylvania, alibuni matumizi ya fimbo ndefu na nyepesi, tofauti na mkongojo mfupi wa zamani. Mbinu yake ndiyo inayofundishwa hadi leo, Sydney na kwingineko. Ncha ya fimbo huyumba kushoto na kulia, ikipita upana wa mabega kidogo. Mguu wa kushoto unapotangulia, ncha hugusa kulia, yaani pale ambapo mguu wa kulia utakanyaga baadaye. Kwa hiyo kila hatua inakuta ardhi iliyokwisha kukaguliwa. Ni rahisi kueleza, lakini mwili huhitaji mazoezi mengi ili uifanye bila kufikiri, huku masikio yakishughulika na magari.

Shirika la mbwa waongozaji la New South Wales, jimbo la Sydney, lilianzishwa mwaka 1957. Kupitia shirika hilo na Royal Blind Society, jina la baadaye la ile taasisi ya 1879, mafunzo yakasogea hadi nyumbani kwa mtu na barabarani kwake. Jikoni, mwanafunzi hujifunza kusikia maji yanavyobadili mlio kikombe kinapokaribia kujaa, au kutumia kifaa kidogo kinachoning'inizwa ukingoni na kulia maji yakikigusa. Vidoti vya plastiki hubandikwa kwenye swichi ya jiko. Mipira ya kufungia hutofautisha kopo la nyanya na la maharage. Kisu hushikwa kwa namna maalumu, vidole vya mkono mwingine vikikunjwa ndani. Wapo wanaoyaona haya kuwa mambo madogo. Mimi naona hapa ndipo uhuru unapoanzia, kwa sababu anayejipikia anachagua saa ya kula na chakula chenyewe.

Hata hivyo, mtu anaweza kufuzu yote hayo, kisha akashindwa na mji. Sydney ilianza kulielewa hilo kwenye vivuko. Kazi ya mhandisi wa sauti Louis Challis na wenzake ilizaa kitufe cha kivuko kinachotoa mlio wa polepole wakati wa kusubiri na wa haraka taa inapokuwa kijani. Sauti yake hupanda na kushuka kufuata kelele za barabara, na mshale wake hutetema chini ya kiganja, hivyo hata asiyeona na asiyesikia hupata ishara. Kilienea kuanzia miaka ya 1980 na kikavuka mipaka ya Australia. Mwanamuziki Billie Eilish alirekodi mlio huo Sydney na kuuingiza katika wimbo wake "Bad Guy" wa 2019. Mamilioni wameusikia bila kujua uliundwa kwa ajili ya nani.

Treni zilihitaji mahakama. Graeme Innes, mwanasheria asiyeona aliyekuwa kamishna wa taifa wa haki za watu wenye ulemavu, alilishtaki shirika la reli la New South Wales kwa sababu vituo havikuwa vikitangazwa vizuri ndani ya mabehewa. Mwaka 2013 alishinda, akalipwa fidia ya dola 10,000.

Fedha nazo zilifuata. Noti za Australia hupishana urefu kwa milimita 7, tofauti inayohitaji kipimo au noti nyingine ya kulinganishia, na wengi walizoea kuzikunja kwa mitindo tofauti ili wazijue. Mvulana mmoja asiyeona wa Sydney alianzisha kampeni, na maelfu ya watu wakatia saini ombi lake. Septemba 2016 noti mpya ya dola 5 ikatoka ikiwa na kidoti kimoja kilichoinuka kwenye kila ukingo mrefu. Ya dola 10 ilipewa viwili, ya 20 vitatu, ya 50 vinne, na ya dola 100, iliyotoka mwaka 2020, ikapewa vitano.