Moto Haufiki Mzizini

Kipande chetu cha malisho, kule nyumbani Kitutu chini ya ukingo wa Manga, hakifiki ekari moja. Kiko mteremkoni, mahali ambapo plau ya ng'ombe haishiki vizuri, na nadhani ndiyo sababu kimebaki hadi leo. Desemba iliyopita ndugu zangu walisema wanataka kukilima wapande chai. Nikapinga. Kaka yangu akaniuliza, "Sasa wewe unayekaa Nairobi, hizo nyasi unazitakia nini?" Sikuwa na jibu. Niliyoandika hapa ndiyo jibu nililolitafuta baadaye.

Nilianza na kumbukumbu. Nikiwa darasa la nne, sokoro, yaani babu, alinipeleka kwenye kipande hichohicho mwezi wa pili, jua likiwa kali na mawingu yameanza kukusanyika upande wa ziwa. Akawasha moto. Nyasi zilikuwa zimezeeka, ng'ombe wamezikataa. Dakika chache tu, mteremko wote ukawa mweusi, na mimi nikaanza kulia kwa sababu niliona ng'ombe wetu sasa watakula nini. Mzee alicheka. "Moto haufiki mzizini, mjukuu wangu. Kinachofika ni jembe." Mvua ikanyesha, na wiki haikuisha kabla sijaona vijani vidogo kama sindano vikichungulia kwenye majivu. Wakati ule nilidhani ni ajabu ya babu yangu. Kumbe ni ajabu ya nyasi.

Mti hukua kwa ncha. Ukiikata ile ncha, umeusumbua. Nyasi hazifanyi hivyo. Sehemu yake inayozaa majani mapya iko chini kabisa, karibu na udongo au ndani yake, kwa hiyo ng'ombe anapong'ata anachukua jani na kuacha kiwanda. Moto nao hupita juu kwa haraka. Udongo ni blanketi, na ukichimba vidole viwili vitatu chini, joto limepungua sana. Huko kwenye mizizi na vishina ndiko akiba ya chakula ilikowekwa, na hiyo ndiyo inayotolewa kuchipusha jani la kwanza kabla jua halijaanza kulisaidia.

Ukiteremka kutoka Nyangusu kwenda Kilgoris na kuendelea hadi Mara, unaingia nchi ambayo mambo haya yanafanyika kwa ukubwa wake. Kuna nyasi moja ya huko, Themeda triandra, ambayo ikikauka huwa na rangi ya wekundu. Mbegu yake ina mkia. Mkia ule ukipata unyevu unajinyoosha, ukikauka unajisokota, na kwa kujisokota hivyo unaichimbia mbegu udongoni. Moto ukija, mbegu imeshajificha. Miti nayo ina mbinu zake. Omotembe, ule wenye maua mekundu yanayotoka kabla ya majani, umevaa gome nene kama koti. Migunga mingi ikiungua hadi chini huchipua tena kutoka shinani.

Malisho nayo yana siri yake. Mwaka 1976 mtaalamu Samuel McNaughton alichapisha alichokiona Serengeti: mahali nyumbu walipopita na kula, nyasi zilichipua upya zikawa mbichi na nzito, na swala walioingia baadaye walipendelea hapohapo kuliko pale ambapo hapakuguswa. Lakini kuna sharti. Nyumbu walikuwa wamepita. Hawakukaa. Nyasi ikiliwa, ikachipua, ikaliwa tena kabla haijarudisha akiba yake mzizini, na tena, na tena, inakufa kimyakimya kuanzia chini. Na Themeda ikiachwa miaka mingi bila moto wala mdomo, inajiziba na majani yake makavu hadi inakosa mwanga. Inataka kuliwa, halafu inataka kuachwa.

Nchi yenyewe imebadilika mbele ya macho ya watu. Miaka ya 1890 ugonjwa wa sotoka uliua ng'ombe na nyumbu Afrika Mashariki yote. Wafugaji wakafa njaa, mifugo ikapungua, na huko Mara vichaka vikaota palipokuwa na malisho, mbung'o wakaja navyo. Wazungu waliofika baadaye waliona vichaka wakadhani ndivyo nchi ilivyoumbwa. Kufikia miaka ya 1960 mioto na ndovu walikuwa wamevifyeka sana vichaka hivyo. Kisha chanjo ya ng'ombe ikakata sotoka, na nyumbu wa Serengeti na Mara wakaongezeka kutoka kama robo milioni mwaka 1961 hadi zaidi ya milioni moja mwishoni mwa miaka ya 1970. Walikula nyasi ambazo zingekuwa kuni za moto. Mioto ikapungua, na huko Serengeti miti michanga ikapata nafasi ya kukua tena. Kwa hiyo mtu akiniambia mbuga ni ya tangu kuumbwa kwa dunia, mimi huuliza, ya mwaka gani?

Sasa turudi Gusii. Sisi tunajulikana kwa ndizi, chai na mawe ya sabuni ya Tabaka, na watoto wetu wanadhani tulizaliwa na jembe mkononi. Lakini simulizi za wazee zinatutoa tambarare za Kano hadi Kabianga, mahali ambapo baridi iliua mifugo na wimbi likakataa, na hilo jina, wanasema, ndilo linalosema hivyo: vitu vimekataa. Kutoka huko watu wakashukia Trans Mara, kwenye hizo nyasi nilizozitaja, kabla ya kukimbilia hivi vilima. Walipanda na ng'ombe wao. Na walikuwa na ebisarate, makambi ya ng'ombe pembezoni mwa makazi, ambako vijana walilala na mifugo, mikuki iko tayari.

Vitabu vinaeleza ebisarate kama ngome za vita, na ni kweli. Mimi naongeza jambo moja ambalo ni wazo langu mwenyewe. Ng'ombe wakiwa kule mbali, nyasi za karibu na nyumba zilikuwa zinapumzika. Zilirefuka. Na nyasi ndefu ndizo zilizoezeka nyumba.

Mwaka 1905 majeshi ya Waingereza yalikuja Gusii kuadhibu watu. Januari 1908 kijana Otenyo, ambaye simulizi humtaja pamoja na Moraa, mama mwonaji, alimchoma mkuki mkuu wa wilaya, Northcote, yule ambaye wazee walimwita Nyarigoti. Northcote alipona. Jeshi likarudi. Lilichoma nyumba, likachukua maelfu ya ng'ombe na kuua watu wengi kiasi kwamba Winston Churchill mwenyewe, aliyekuwa afisa wa Wizara ya Makoloni kule London, alihoji kwa nini mauaji yawe makubwa hivyo.

Tukisimulia habari hii tunapenda kumalizia kwa kusema watu wetu waliungua wakachipua tena kama nyasi. Hata mimi nimewahi kuiandika sentensi hiyo. Siku hizi inanisumbua. Nyumba zilichipua, ndiyo: mvua ilinyesha, nyasi zikarefuka, watu wakaezeka upya. Moto wa 1908 ulikula majani. Miaka michache tu baadaye, mwanzoni mwa miaka ya 1910, serikali ikaamuru ebisarate vifungwe, ng'ombe warudi nyumbani. Hakukuwa na moshi siku hiyo, na sijawahi kusikia wimbo wake. Lakini ng'ombe sasa walikula palepale kila siku. Mipaka ilikuwa imekazwa, na upande wa Sotik ardhi ikapewa walowezi. Sehemu yake, Borabu ya leo, tulikuja kuirudia miaka ya 1960 kwa kuinunua kwa mikopo. Kahawa ikaja miaka ya 1930, baadaye pareto na chai. Baba akagawia wana, wana wakagawia wana. Sensa ya mwaka 2019 ilikuta kaunti ya Kisii ina zaidi ya watu 900 kwa kila kilomita ya mraba. Hapo nyasi itapumzikia wapi?

Ndiyo maana nikasema nitamjibu kaka yangu. Nilirudi nyumbani Januari, nikachimba gongo la nyasi kwa jembe nikamwonyesha. Mizizi ilikuwa imesukana kama kikapu na udongo umeshikwa ndani yake, mweusi. Upande wa pili wa ua, palipolimwa mahindi, udongo wa juu ulikuwa umeteremka hadi kijito. Nikamwambia, ukilima hapa, hii haitarudi hata mvua inyeshe miaka kumi. Unaweza kupanda nyingine, lakini si hii.

Akanisikiliza hadi mwisho. Kisha akasema, kwa upole, "Ng'ombe ni mmoja, anakula nepia bandani. Karo ya watoto inatoka kwa chai. Sokoro alichoma kwa sababu alikuwa na mahali pa kupeleka ng'ombe nyasi zikiota." Ni kweli. Babu alikuwa na shamba la ndugu yake la ng'ambo ya kijito kusubiria. Siku hizi huko kuna nyumba nne za mabati.

Tulikubaliana nusu kwa nusu. Chini kuna miche ya chai. Juu zimebaki nyasi, na hatutazichoma tena kwa sababu miche iko karibu. Kaka atamfunga ng'ombe hapo wiki mbili, amtoe, apaache hadi parefuke. Nikamuuliza parefuke kiasi gani. Akaweka kiganja chake juu kidogo ya goti, palepale ambapo babu alikuwa akipima.