Futikamba na Uzito wa Mtoto Aliye Tumboni

Mtoto aliye tumboni hawekwi kwenye mizani, lakini mkunga anahitaji kuukisia uzito wake kabla uchungu haujakolea: akizaliwa chini ya gramu 2,500 atahitaji joto na uangalizi wa karibu, akizidi 4,000 mabega yanaweza kunasa njiani. Historia ya makisio hayo husimuliwa kana kwamba mikono ilishindwa na futikamba, kisha futikamba ikashindwa na ultrasaundi. Ushahidi unasema vingine. Kwa swali hili moja la uzito, mtoto anapokaribia kuzaliwa, futikamba haijashindwa na mtu.

Mwaka 1906 daktari Ellice McDonald alieleza namna ya kupima kutoka mfupa wa kinena hadi kilele cha mfuko wa uzazi. Mwaka 1954, Johnson na Toshach wa Marekani wakakigeuza kimo hicho kuwa gramu: toa 13 ikiwa kichwa bado kiko juu ya nyonga, 12 kikifika katikati, 11 kikishapita, kisha zidisha kwa 155. Kimo cha sentimita 36, kichwa kikiwa juu, kinatoa gramu 3,565. Udhaifu wake unaonekana humohumo: utepe ukilegea sentimita moja tu, gramu 155 zimepotea, na anayekosea kupapasa kichwa hukosea mara mbili. Dare na wenzake wa Ile-Ife, Nigeria, walikwepa sehemu ya tatizo hilo mwaka 1990. Walizidisha kimo kwa mzingo wa tumbo kwenye kitovu, basi. Sentimita 36 kwa 95 ni gramu 3,420. Mwalimu wa fizikia angeikata kwa kalamu nyekundu, maana sentimita mara sentimita haziwi gramu. Lakini kanuni hii haidai kueleza maumbile, inadai kukaribia jibu, na hulikaribia.

Kuna hoja nzito dhidi yake. Futikamba haimpimi mtoto peke yake. Hupima pia mafuta ya mama, maji ya uzazi, uvimbe, hata kibofu kilichojaa, na kwa mapacha haifai kabisa. Yote ni kweli, na Johnson mwenyewe alipunguza sentimita moja kwa mama mwenye uzito mkubwa. Ila ultrasaundi nayo haina mizani ndani yake. Hupima kichwa, tumbo na mfupa wa paja, kisha hutumia kanuni kama zile za Hadlock za mwaka 1985, na karibu na kujifungua kosa la asilimia 10 ni la kawaida: kwa mtoto wa kilo tatu na nusu, gramu 350 juu au chini. Thamani yake kubwa iko kwingine, katika kujua umri wa mimba, mapacha na mahali kondo lilipo. Ndiyo maana Shirika la Afya Duniani, mwaka 2016, lilipendekeza kipimo kimoja kabla ya wiki ya 24, wakati ambapo uzito wa kuzaliwa bado si swali. Na kuna shahidi mwingine ambaye hata utepe hana: mwaka 1992, Chauhan na wenzake nchini Marekani waliwauliza akina mama waliowahi kuzaa wakisie uzito wa mtoto waliye naye tumboni, na makisio yao hayakuachwa nyuma na mashine.