Ukenekaji wa kiowevu kidogo maabarani

Kukeneka ni kuchemsha kiowevu hadi kigeuke mvuke, kisha kuupoza mvuke huo ili urejee kuwa kiowevu kilichotakaswa. Anayekeneka mililita 100 hapati taabu kubwa. Mashaka huanza pale mtafiti anapokuwa na mililita 3 pekee, pengine matunda ya majuma mawili ya kazi.

Adui wake si moto bali kioo. Mvuke unapopita huacha utando wa kiowevu kwenye kuta za chupa, shingoni na ndani ya bomba la kupozea. Mililita 2 zikisalia humo, aliyeanza na 100 hatahisi upungufu; aliyeanza na 3 amebaki na theluthi. Kuongeza moto hakumwokoi, kwani huunguza kilichosalia chini.

Dawa ni kutumia vyombo vidogo na kufupisha njia ya mvuke. Chombo kinachosifika ni kichwa cha Hickman, chenye jina la Kenneth Hickman, mwanakemia aliyefanyia kazi kampuni ya Kodak huko Rochester, Marekani. Hakina bomba refu la pembeni. Mvuke hupanda, hugusa kuta baridi za juu, na matone huteremka hadi kwenye mfereji wa duara unaozunguka shingo. Mfereji huo hubeba mililita 1 au 2, nazo huvutwa kwa pipeti.

Ncha ya kipimajoto ikae chini kidogo ya mfereji, ioshwe na mvuke. Hata hivyo, mvuke ukiwa haba, kipimajoto chenyewe hunyonya joto na kusoma chini ya kiwango halisi. Kipande cha kauri chupani huzuia kiowevu kuruka ghafla. Mruko mmoja huharibu kazi yote. Wala chupa isiachwe ikauke kabisa: etha iliyokaa muda mrefu huwa na peroksidi, nazo hulipuka.

Njia fupi ina gharama yake. Haitenganishi vyema viowevu vinavyochemka kwa viwango vya joto vinavyokaribiana. Methanoli huchemka kwa nyuzi 65 za selisiasi, ethanoli kwa 78. Ndiposa mtungi wa chang'aa, ambao nao ni ukenekaji sahili, hauwezi kuaminiwa kuondoa methanoli. Pombe iliyochanganywa na sumu hiyo iliua zaidi ya watu 100 jijini Nairobi mnamo Novemba 2000. Kutenganisha viwili hivyo hudai mnara mrefu uliojazwa vipande vya kioo, ambao wenyewe hushikilia kiowevu kingi. Mwenye mililita 3 hulazimika kutumia kromatografia.